Siku Mama Alipoulizwa Kaka Ni wa Wapi

Hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua, na siku ile zilianzia Masasi, uani kwa mzee mwenye gari la kukodisha.

Tulisimama mbele yake watatu: mimi, Mama na kaka yangu. Kaka huyu ni mtoto wa mama mkubwa, dada yake Mama, aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada yako ni mtoto wako, basi, hakuna cha binamu. Na ng'ambo hatujawahi kuiita nchi za nje. Nje ni Ulaya. Ng'ambo unakwenda kusalimia tu.

Mama mkubwa alikuwa amepasuliwa jicho hospitalini pale Masasi, na la pili halioni tangu zamani. Tulikubaliana aje apumzike kwetu Newala mpaka bandeji itoke. Daktari alimkataza kupanda basi, alihofia vumbi na mitikisiko, ndiyo maana tukatafuta gari dogo. Kaka angeendesha mwenyewe, maana kwao ni dereva wa lori.

Mwenye gari alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kanisa, mpole. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akamzungusha kaka kwenye gari hadi kwenye stika ya bima kiooni.

"Hii ni bima ndogo," alisema. "Ukigonga mtu, inamtibu yeye. Gari langu likiumia, hilo tutalibeba mimi na nyinyi. Na inataka dereva mwenye leseni halali. Sasa niambieni, kijana ni wa hapa au mgeni? Mgeni anaruhusiwa leseni ya kwao, ila nimjulishe wakala wa bima. Mkazi wa hapa lazima awe na leseni ya hapa."

Swali jepesi kabisa. Kaka alitia mkono mfukoni atoe leseni yake ya Msumbiji, nami nikafungua mdomo. Mama akatuwahi.

"Mgeni? Baba, huyu nimembeba mgongoni mwenyewe. Mwanangu huyu, wa Newala huyu!"

"Mama, mzee anaulizia leseni," nilisema.

"Na mimi namjibu mzee. Wewe umeulizwa?"

Mkono wa kaka ulitoka mfukoni mtupu. Ukitambulishwa kuwa mwana mbele za watu, utakataaje? Mzee alicheka, akampa ufunguo. Nilipanda gari nimenuna, tukampitia mama mkubwa hospitalini, na nilinuna njia nzima.

Tulikuwa tunapandisha mlima kuelekea Newala, kaka akienda polepole kwa ajili ya jicho la mama yake, bodaboda ilipochomoza kwenye kona na gunia la korosho nyuma. Kaka alikwepa. Mwenye bodaboda naye alikwepa, upande uleule. Nilisikia bati, halafu nikasikia mtu mzima analia.

Alikuwa chini ya pikipiki yake, na mguu wake umekaa vibaya hata mimi nisiye daktari nilijua umevunjika. Korosho zilitapakaa barabarani. Watu walitoka mashambani, wakamtoa, wakamlaza pembeni, wengine wakaanza kumkazia macho kaka. Mama mkubwa alikuwa kiti cha nyuma na bandeji yake, akiuliza bila kukoma, "Kuna nini? Nani ameumia? Mbona hamsemi?"

Trafiki alifika. Alipima kona kwa macho, akaomba leseni. Kaka alimpa, na kibali chake cha kuvuka mpaka juu yake. Afande akampigia mwenye gari, akaweka sauti ya nje.

"Afande, mimi niliambiwa ni mkazi wa Newala," mzee alisema. "Aliyeniambia ni mama yake. Akanushe yeye mwenyewe nimsikie, ndipo nimwambie wakala. Siwezi kubadilisha maneno ya mama wa watu."

Trafiki alimgeukia Mama.

"Sikiliza, mama yangu. Kama ni mkazi wa hapa, ameendesha bila leseni inayotakiwa. Kampuni ya bima itapata sababu ya kukwepa, huyu bwana atatafuta matibabu mwenyewe, na kijana wako naondoka naye sasa hivi. Kama ni mgeni, leseni hii inatosha. Ni wa wapi?"

"Ni mwanangu," Mama alisema.

Afande alifungua mlango wa gari lake na kumshika kaka mkono. Pale nyasini mwenye bodaboda alikuwa analia, "Mguu wangu, jamani, nina watoto." Niliogopa. Niliogopa kiasi kwamba nilimfokea mama yangu mzazi katikati ya barabara.

"Mama, sema! Mguu wa mtu huo!"

Kaka aliongea naye kwa Chimakonde, taratibu, kama anambembeleza mtoto: sema tu, mama, mimi naelewa. Mama alitazama kule kwenye gari letu, alikokaa dada yake. Vioo vilikuwa wazi.

"Si wa hapa," alisema. "Ni mgeni."

"Si mwanao?" sauti ya mzee iliuliza kwenye simu.

"Sikumzaa. Ametoka nchi ya nje."

Maneno hayo hayajawahi kutamkwa nyumbani kwetu. Kule nyuma mama mkubwa aliacha kuuliza.

Bima ililipa. Mguu ulitibiwa, kaka hakulala rumande, na gharama ya taa ya gari iliyovunjika tuliibeba sisi pamoja na mzee kama alivyotuambia. Nilimwona yule wa bodaboda baadaye, anachechemea, lakini yuko juu ya pikipiki. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kufoka, na ningefoka tena.

Nyumbani Mama alimpa dada yake kitanda chake, akamlisha kwa mkono wake. "Dada, yale yalikuwa mambo ya bima," alimwambia. Mama mkubwa alijibu kwamba anajua, kaka amemweleza, na uji ni mtamu. Kila alichopewa alishukuru. Zamani alikuwa akikemea chumvi ikizidi.

Bandeji ilitolewa Masasi. Daktari alimwambia afumbue taratibu, na wa kwanza kumwona alikuwa Mama, aliyekuwa amepiga magoti mbele yake akisubiri. Mama mkubwa alimtazama sana, akampa mikono yote miwili.

"Tunashukuru mno kwa kutupokea," alisema.

Mama akamjibu, "Karibuni tena."