Chui wa Pili wa Seronera

Dada yangu Mwanaidi, mkulima wa Sindeni ambaye macho yake yanaelekea kuzimika, anasema aliona chui wawili juu ya mti mmoja kando ya Mto Seronera. Mimi nilikuwa nimekaa naye ndani ya gari, natazama mti huo huo. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kuwatafutia wageni chui, na siku ile niliona mmoja tu.

Vijana wanaosomea uongozaji wa watalii huniuliza mara kwa mara kazi hii ilifanywaje zamani. Nitawaeleza kwa mpangilio, ila wajue tangu mwanzo kwamba maelezo yangu yanakwenda kuishia kwenye mti ule.

Siku ya kwanza kazini sikugusa usukani. Nilikuwa nimetoka Korogwe, ambako niliendesha lori la mkonge kwenye shamba lile lile alilofanyia kazi baba yangu baada ya kuja kutoka kusini na kumwoa mama, Mzigua wa Sindeni. Nilijua tope na nilijua kubadili springi iliyovunjika. Basi nikafika Arusha, kwenye kampuni ya watalii, nikidhani nitapimwa kwa hayo. Meneja wa Safari, mtu mrefu aliyezungumza polepole kama anayepima kila neno, aliniketisha upande wa abiria akaniendesha mwenyewe hadi Ziwa Manyara. Huko akaegesha chini ya miti mikubwa, akazima injini, akakunja mikono.

Nikasubiri. Nikadhani gari limeharibika.

“Mzee, nishuke nisukume?”

“Ukishuka utaliwa. Kaa.”

Nikatazama barabara, nikatazama majani, nikatazama viatu vyangu. Mwishowe shingo ilichoka, nikainua kichwa, nikaona mguu. Mguu wa simba, unaning'inia kutoka kwenye tawi karibu kabisa na sisi, na simba mwenyewe amelala kifudifudi kama mtu aliyeshiba ubwabwa wa harusi.

“Simba, mzee! Simba huyo!”

“Nimemwona tangu kule kwenye kona.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema, ungekuwa umeona simba wangu. Sasa umeona wako. Utamsahau?”

Sijamsahau hadi leo.

Sisi tuliita jambo hilo kumwachia mgeni. Mwongozaji humwona mnyama kwanza, maana hiyo ndiyo kazi yake, lakini hatangazi. Anatafuta pa kusimama ili jua liwe mgongoni mwa wageni na upepo usipeleke harufu ya gari kwa mnyama. Anazima injini na kusema tu, “Tupumzike kidogo hapa.” Kisha ananyamaza. Wageni wakishindwa kabisa, anauliza swali, kwa mfano, “Tawi lile la kushoto mnalionaje?” Kidole kilikuwa cha mwisho, na Meneja alikihesabu kama kushindwa. Nilimsikia akimkaripia dereva mmoja mbele yetu sote: “Wewe unawasomea wanyama kama kondakta anayetaja vituo!”

Kwa chui palikuwa na mafunzo ya peke yake. Ukitafuta chui humpati, kwa sababu madoa yake na kivuli cha majani ni kitu kimoja. Unatafuta mkia. Matawi ya mgunga yanakwenda kombo na juu, hayaning'inii wima. Ukiona mstari umeshuka wima kutoka kwenye tawi, punguza mwendo.

Nilikaa mzunguko wa kaskazini kwa miaka mingi: Tarangire kwenye tembo, Bonde la Ngorongoro ambalo asubuhi hujaa ukungu kama sufuria ya maziwa, Serengeti wakati nyumbu wanahama, na Kilimanjaro, ambao tulifundishwa tusiuahidi kwa mtu yeyote kwa sababu unaweza kukaa chini yake siku nzima usiuone. Baadaye Mkuu wa Magari alinihamishia Mikumi na Ruaha. Kule njia ni ndefu na magari ni machache. Mgeni anayekwenda Ruaha huwa amekwisha kuona simba kwingine, sasa anatafuta ukimya, kwa hiyo dereva mwenye maneno mengi anamharibia safari.

Kisha nikapelekwa pwani, Bagamoyo na Kilwa. Nililalamika. Msimamizi wa ofisi ya pwani, mama mmoja mkali aliyevaa miwani kwenye kamba, alinisikiliza mpaka mwisho.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza, mama.”

“Huku huna simba wa kukubeba. Magofu hayatembei, hayangurumi. Sasa ndiyo tutajua kama wewe ni mwongozaji au ni dereva tu.”

Nilipata jibu kwenye ukuta wa msikiti wa kale pale Kilwa Kisiwani. Nilimwomba mgeni aweke kiganja ukutani asogeze taratibu. Vidole vyake vikakuta maumbo ya matumbawe, akagundua mwenyewe kwamba mji ule ulijengwa kwa mawe ya baharini. Niliporudi ofisini nikamsimulia yule mama. Akasema, “Haya. Kumbe ulikuwa unajua kazi,” akaendelea na chai yake.

Katika safari zote hizo, kati ya pwani na kaskazini, nilipita Korogwe. Wageni walishuka kunyoosha miguu, wakanunua machungwa, wakatazama milima ya Usambara, halafu wakauliza hapa kuna nini cha kuona. Niliwajibu kwamba hapa ni kwetu, na kule nyuma, njia ya Handeni, ni kwa dada yangu. Walicheka kwa adabu wakarudi garini.

Dada Mwanaidi ndiye aliyekuwa msikilizaji wangu. Kila likizo nilifika Sindeni, nikamwamkia, “Shikamoo dada,” naye kabla hata hajaitikia vizuri alikuwa ameshanisogezea kigoda jikoni. “Marahaba. Haya, leta. Safari hii wameona nini?” Nilimsimulia huku anapukuchua mahindi. Nilimweleza simba wa Manyara, mkia wa chui, kumwachia mgeni, kila kitu. Nilipomwambia twende akaone, mara mahindi yako shambani, mara mbuzi wanazaa, mara mjukuu amefunga shule. “Wewe ndiyo macho yangu huko,” alisema.

Nilistaafu, nikajenga Kilole, pale pale Korogwe. Nikajua kwamba dada anajikwaa. Alikuwa anagonga ndoo zilizo pembeni mwake, na watu walipita wakimwamkia kutoka ubavuni, akashtuka. Daktari wa macho tuliyemwendea alisema ni presha ya macho. Dawa ingechelewesha, lakini kilichokwisha kwenda hakirudi. Akamwuliza anaonaje.

“Naona kama ninachungulia kwenye bomba,” alisema dada. “Katikati safi. Pembeni hakuna kitu. Na bomba lenyewe linakuwa jembamba.”

Njiani kurudi, tulipokaribia Sindeni, akasema, “Mdogo wangu, nipeleke kabla bomba halijaziba.”

Nilimpigia simu Elisante, dereva niliyemfundisha kazi, ambaye bado yuko barabarani na bado ananiita Mwalimu. Alikuwa na siku chache kati ya kundi moja la wageni na lingine. Akasema tuje. Kabla ya kuondoka dada akaniwekea sharti moja.

“Usinionyeshe. Nimeshakusikia miaka yote hiyo ukisema anayeonyeshwa ameona cha mwenzake. Mimi nataka changu.”

“Dada, lakini macho…”

“Macho ni yangu. Niahidi.”

Niliahidi.

Mlima ulikuwa umejifunika tulipopita Moshi. Ngorongoro aliitazama kipande kwa kipande, akigeuza kichwa kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine, kama mtu anayefagia uwanja. Elisante alimpa darubini, akaikataa. “Nina bomba langu, mwanangu, lisije likapata mwenzake.” Elisante alicheka hadi akasimamisha gari. Tembo aliwaona. Twiga walimfurahisha kuliko wote, kwa sababu walitembea taratibu wakapita wenyewe ndani ya bomba.

Chui ilikuwa siku ya mwisho. Nilimwona mimi kabla ya Elisante: mkia, mstari wima chini ya tawi la mgunga ng'ambo ya mto. Nikamgusa Elisante begani. Akaelewa. Akazunguka, akaweka jua mgongoni, akazima injini.

“Tupumzike kidogo hapa,” nikasema.

Dada akaanza kufagia. Alianza chini, kwenye nyasi, akapanda shina polepole, akafika kwenye matawi, akapita, akarudi. Ninajua uso wa mgeni anapokaribia kuona, maana nimeutazama uso huo kuliko nilivyotazama wanyama. Safari hii sikuweza kuusoma. Redio ya gari ikakoroma, dereva mwingine akiuliza tumeona nini. Elisante akaizima. Kidole changu kilitaka kunyooka. Nilikalia mkono wangu.

Dada akatulia. Akakaa hivyo kwa muda, kichwa hakisogei. Kisha akasema, “Haya. Twendeni.”

“Umeridhika, dada?”

“Nimesema twendeni. Wewe nawe.”

Sikumwuliza njiani. Mgeni hahojiwi, na huyu alikuwa zaidi ya mgeni. Nilibeba swali hilo kutoka Serengeti hadi Korogwe, na kwa kweli lilinilemea, kwa sababu kama hakumwona, basi safari yote ilikuwa twiga na vumbi, na mimi niliyekuwa na uwezo wa kumsaidia kwa kidole kimoja nilikaa kimya.

Jibu lilikuja gulioni Handeni, siku chache baadaye. Tulikuwa na Mzee Lekishon, mfugaji aliyehamia nyanda za huku na ng'ombe wake. Yeye alizaliwa jirani na Ngorongoro. Swali lake la kwanza kwa dada halikuhusu simba.

“Nyasi za kule zikoje?”

“Fupi, lakini kijani.”

“Na chui?”

“Wawili,” akasema dada, kama anayetaja bei ya kitu anachokijua. “Mkubwa amelala, mkia umeshuka. Nyuma yake, kwenye panda ya mti, kale kadogo. Kalikuwa kanatutazama sisi.”

Niligeuka. “Dada, alikuwa mmoja.”

“Wewe uliona mmoja.”

“Nilikuwa pale!”

“Na mimi nilikuwa wapi, bafuni?” Watu wa jirani wakacheka. “Wewe ulitafuta mkia, ukaupata, ukafurahi. Mimi sina nafasi ya kutafuta mkia. Natazama kila mahali, kidogo kidogo.”

Nikamtazama Mzee Lekishon, nikitumaini ataniunga mkono. Alikuna kidevu kwa fimbo. “Chui hapendi mwenzake,” alisema. “Lakini jike akiwa na mtoto, huo mti ni wao wawili. Mimi sikuwepo.”

Nimelifikiria jambo hili kama mtu wa kazi, na sehemu zote mbili zina uzito. Mkia nilimweleza dada jikoni kwake mara nyingi mno, kiasi kwamba angeweza kuueleza bila kuuona. Nimewahi kuona wageni wenye macho mazima wakiapa kwamba shina la mti lilikuwa simba. Upande mwingine, mtoto wa chui kwenye panda sijawahi kumsimulia, kwa sababu katika miaka yangu yote sikubahatika kumwona wa namna hiyo. Na ni kweli kwamba nilipopata mkia niliacha kutazama mti. Nikageuka nikamtazama yeye. Ndivyo nilivyofundishwa: ukishaona mnyama, kazi yako inahamia kwenye uso wa mgeni.

Elisante alikuwa amepiga picha moja kwa simu. Akanitumia. Nimeikuza mpaka ikawa vigae vya rangi tu. Tawi lipo, mkubwa yupo, mkia upo. Kwenye panda kuna giza lenye umbo, na umbo hilo linabadilika kufuatana na ninachotaka kuona siku hiyo. Nikamwuliza Elisante yeye aliona nini. Akasema, “Mwalimu, mimi nilikuwa natazama mkono wako, usije ukaunyoosha.”

Bomba la dada sasa limekuwa jembamba sana. Hutambua sura yangu nikisimama mbele yake bila kusogea, na mahindi hupukuchua kwa kupapasa. Bado namwamkia, bado anasogeza kigoda, ila siku hizi anayesimulia ni yeye, na wajukuu wa nyumba tatu huja kusikiliza. Akifika kwenye panda ya mti hunielekea na kusema, “Mwulizeni huyu, alikuwepo.” Watoto huniuliza. Nawajibu kwamba mimi niliona mmoja, na kwamba sikutazama panda.

Wiki iliyopita Elisante alipiga simu kutoka Seronera. Madereva wamemwona chui jike kwenye bonde lile lile, anatembea na mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa kiasi. Kwa umri huo, siku yetu angekuwa mdogo wa kutosha kukaa kwenye panda. Lakini baadhi yao wanasema huyo ni jike mwingine, aliyehamia kutoka upande wa vilima vya mawe, na kwamba wa kwenye mgunga wetu alikuwa dume. Elisante amewaomba watazame alama za usoni walinganishe na picha. Hawajajibu.