Pakanga Iliyokataa Kushika

Kwa miaka miwili nilijaribu kuotesha pakanga nyuma ya nyumba yetu, Mabatini, Mwanza, na haikushika hata mara moja. Rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, alikuwa na kichaka chake kilichofika kiunoni, chenye majani ya kijivu na harufu kali. Wanawake wa jumuiya yetu walimfuata kuomba majani ya kufukuza nondo kabatini na viroboto kwenye banda la kuku. Nilipoomba mbegu, alikata vijiti vitano, akaniacha sebuleni akaingia navyo jikoni, akarudi navyo vimefungwa kwenye kitambaa kibichi.

"Toa majani ya chini, chomeka kivulini, maji kidogo tu," alinielekeza.

Nikafanya hivyo. Baada ya wiki vilikuwa vyeusi. Nikarudi kuomba tena, na tena. Nilibadilisha udongo, nikaleta mchanga kutoka ziwani, nikafunika kwa chupa za maji zilizokatwa. Vyote vilioza.

"Ni mkono wako, dada," alisema akicheka. "Una moto."

Nikaamini.

Jumamosi moja sikumkuta. Mama yake, aliyekuja kumtembelea kutoka Bukoba, alikuwa barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilipomweleza shida yangu aliinuka, akanikatia matawi mwenyewe. Kisha akasita. "Au umsubiri aje ayachovye kwanza?"

"Ayachovye wapi?"

"Kwenye maji ya moto. Juzi alimfanyia hivyo jirani. Nikadhani ndivyo mnavyopanda huku."

Nilishukuru, nikaondoka na matawi yangu. Njiani nilimfikiria rafiki yangu. Huyu ndiye aliyenifulia mashuka mimba yangu ilipoharibika. Hakuna mtu Mwanza nzima aliyenijua kama yeye.

Jumatatu nilimkuta ofisini peke yake, anasahihisha madaftari.

"Kwa nini ulichemsha vijiti vyangu?"

Hakukana. Hata kalamu hakuiweka chini. "Kila mtu akiwa nayo, nani atakuja kwangu?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ningekuja. Nikachukua chaki, nikaenda darasani.

Wiki ya nne baada ya kuchomeka matawi ya mama yake, nilivuta kijiti kimoja taratibu, kikagoma. Kilikuwa na mizizi. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Sasa nina mstari mzima wa pakanga kando ya ukuta. Shuleni tunasalimiana, tunaazimana chaki. Nyumbani kwake siendi tena. Ninachojiuliza ni alikuwa akiwaza nini, miaka yote ile, akisubiri birika lichemke huku mimi nimekaa sebuleni kwake.