Koili ya Gunzi na Salamu za Mzee Salimu

Wenzangu mliokulia Msambweni miaka ile bendera yetu ikiwa bado mpya mtanielewa: redio ilibembelezwa kama mtoto mgonjwa. Ya Mjomba Hamisi aliiunda mwenyewe, na ilishika stesheni mbili kwa pamoja: Kiswahili chetu, na juu yake bwana mmoja wa ng'ambo aliyesema lugha tusiyoijua, bila kupumua.

Mjomba akaapa kumchuja. "Ni kama kifumbu," alituambia. "Tui lipite, machicha yabaki." Kifumbu chenyewe kilikuwa koili, waya wa shaba aliouzungusha juu ya chochote cha mviringo: gunzi la hindi, bua la mpapai, pingili ya muwa wa Ramisi. Koili za muwa hazikufaa hata kidogo, nasi watoto tulizipenda kuliko zote, maana zikishindwa waya ulivuliwa na muwa ukawa wetu. Tuliziombea dua zishindwe.

Haraka ya Mjomba ilikuwa na sababu. Alimtaka Mwanaisha, na baba yake, Mzee Salimu, alikuwa ameapa hatamwoza binti yake mtu anayeshinda akicheza na nyaya. Basi Mjomba akapeleka salamu redioni, jina la mzee lisomwe nchi nzima isikie, kisha akamwalika aje asikilize.

Siku ikafika. Mzee akakaa, kanzu imepigwa pasi, halua na kahawa mbele yake. Mjomba akachagua koili ya gunzi, akaifunga. Sauti ikatoka safi kabisa, ya yule bwana wa ng'ambo. Kiswahili chote kilikuwa kimebaki kwenye machicha. Mjomba alihangaika, jasho likimtiririka, hadi wakati wa salamu ukapita.

Mzee alikuwa ametega sikio kwa heshima zote, akiitikia kwa kichwa. Mwisho akauliza, "Wamenitaja?"

Mjomba angeweza kusema ndiyo. "Huenda wamekutaja, baba," alijibu, "lakini koili yangu imekuzuia."

Mzee alicheka hadi kofia ikaanguka. "Ungenidanganya, nami nisingejua," alisema. "Walete wazee wako Ijumaa."

Leo wajukuu wao wana simu zinazoshika dunia nzima bila mkwaruzo. Wanasikiliza kila mtu kivyake, masikio yamezibwa, ukiwapigia hodi wanashtuka kama wameona jini. Nawaonea huruma. Sisi tulijaa mkeka mmoja, tukimsikiliza saa nzima mtu tusiyemwelewa, na hakuna aliyetaka kuondoka.