Sponji ya Bi Zuhura

Leo nimeomba msamaha mbele ya wateja wangu, na nilistahili.

Wiki iliyopita Bi Zuhura alitoka Mzenga hadi kwenye banda langu la ufundi, Kwa Mathias, na mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, ya kikundi chao cha kaswida. Kitufe cha kusukuma juu na chini kuongeza na kupunguza sauti kilikuwa kinakwaruza.

Nikafungua. Chini ya kitufe nikakuta sponji imebandikwa.

"Nani kaweka uchafu huu?" Nikacheka.



Nikaitoa, nikafunga kitufe kipya.

Leo karudi. Jana sauti ilikatika katikati ya maulidi! Nikafungua tena: vumbi tupu.

"Mama, ile sponji..."

"Niliiweka mimi, mwanangu. Ilizuia vumbi miaka miwili, hadi ilipochakaa ndipo kitufe kikaanza kukwaruza."

Jamani, aibu niliyoiona, na wateja wamejaa bandani!

"Nisamehe, mama. Nionyeshe."

Akavuta kiti. Tukakata sponji mpya, akanielekeza niipasue katikati ili kitufe kipite bila kukwama. Sauti ikatoka safi kabisa.

Akiondoka akaniuliza kwa upole, "Siku ile mbona hukuniuliza?"

Ninyi mngemjibu nini?