Jicho Moja la Baba Katekista

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Tulimtoa baba yangu kijijini Mushaki, tukampeleka hospitali ya misheni, miaka ile uhuru ungali mchanga. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kunywea. Tumaini lilibaki kwa la kulia tu. Mgongoni nilimbeba kifungua mimba wangu, ambaye Baba hakuwahi kumwona.

"Nitaona sura yake," alirudia njia nzima, maskini.

Baba alikuwa katekista. Kila Jumapili alikemea dawa za msituni. Kumbe giza lilipomzidi, shangazi aliyeolewa Walikale, huko msituni, alimkamulia machoni majani yale yale, mlango umefungwa. Macho yakawaka moto, yeye akaficha. Sisi watoto hatukujua.

Daktari akamwuliza mbele ya Wakristo wa Baba waliojaa kwenye benchi: "Papa, ulitia dawa ya majani mu macho?"

"Apana, dokta. Miye niko katekista."

Wakamtia matone ya kupanua mboni, kile kidirisha cheusi ambacho daktari hupitia kumtoa mtoto wa jicho. Haikupanuka. Ilibaki ndogo kama punje ya ulezi, imeshikwa na makovu. Daktari akajaribu kuikata kwa mkasi, damu ikafurika ndani ya jicho. Likafa.

Daktari alitoka akiwa amekasirika, au labda ni huzuni. "Hii makovu iko ya majani. Kama angesema, tungetuliza jicho kwanza, njo tupasue nyuma, likisha kutulia."

Baba alisikia yote, kitambaa usoni. "Niliogopa macho ya batu," akasema, "njo nikapoteza yangu."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sijui kama ilikuwa baraka. Siku yule kifungua mimba wangu alipooa, Baba alimpapasa uso, akaniuliza anafanana na nani. Nikamshika mkono, nikauweka kwenye uso wake mwenyewe.

Basi shika hili, mwanangu. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kwetu kilio hakijakoma. Mbele ya daktari sema ulichokunywa na ulichojipaka, hata mchungaji akiwa anasikia. Aibu ni ya siku moja, giza ni la maisha.

Mungu akupe ulimi usioficha, na macho ya kuwaona wajukuu wako.