Mashine Iliniuliza Mara Moja

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, mvua ya kupanda ikinukia hapa Eldoret, nilipofuta wakulima wa Soy, kule nje ya mji, kwa herufi moja. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona ukiondoa programu kwenye hiyo laptop yako. Uliandika amri, ukaongeza y mwishoni ili mashine isikuulize kitu.

Miaka ile ya chama kimoja nilikuwa kijana wa kutoka upande wa ziwa, nina cheti kipya cha kompyuta na kiburi kingi kuliko cheti. Ushirika mmoja wa wakulima, ofisi karibu na mtaa wa West Indies hapa mjini, ulinipa kazi. Kompyuta ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Hakukuwa na picha za kubonyeza. Ni skrini nyeusi, na unachotaka unakiandika.

Aliyeitumia ni Mama Jerono, karani wetu, mtu wa Kaptagat. Alikuwa ameingiza majina ya wakulima wote wa Soy, kila mmoja na ekari zake, kwa sababu lori la mbegu lilikuwa linakuja Ijumaa. Asiye na jina kwenye orodha hangepata mbegu.

Jumatatu hiyo tuliletewa programu mpya ya kuandikia, disketi nne. Mashine ikakataa, nafasi hakuna. Basi ya zamani itoke, nikasema. Wahenga walionya, usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani huwasikiza wahenga akiwa na cheti? Niliingia kwenye folda ya ile ya zamani nikaandika amri ya kufuta kila kilichomo. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza Y, yaani ndiyo. Eti niulizwe na mashine, mimi!

Mama Jerono akarudi na chupa ya chai, akaketi, akatafuta.

"Majina yangu yako wapi?"

"Majina gani, Mama?"

Kumbe alikuwa anayaweka mlemle kwenye folda ya programu, maana hakuna aliyemfundisha pengine pa kuyaweka. Nakala kwenye disketi hakuna. Na zile karatasi alizoandikia kwanza? Tuliwashia jiko la chai, na mwashaji alikuwa mimi. Nilitaka ardhi inimeze.

Hakupiga kelele. "Ilikuuliza?"

"Iliniuliza."

"Kabla ya kujibu, ulitazama ndani kuna nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Wewe umesoma kufyeka tu. Hukusoma kuuliza shamba ni la nani."

Kesho yake ilikuwa siku ya soko Soy. Tulienda naye, tukaandika majina upya kwa kalamu, watu wakicheka: "Kwani hiyo kompyuta imekula jina langu?" Tukayapiga chapa hadi Alhamisi, orodha ikagongwa muhuri.

Ijumaa akaja Mama Teresia, mjane. Siku ya soko alikuwa amekwenda kumwona binti yake aliyejifungua, kwa hivyo hatukumwandika. Mama Jerono alimtetea sana, lakini orodha ilikuwa na muhuri, na mbegu ziligawanywa hadi gunia la mwisho. Yule mama akanigeukia.

"Kijana, ni wewe ulinifuta?"

"Ni mimi, Mama."

"Haya," akasema, akakunja gunia lake tupu, akaenda zake. Mwaka huo, badala ya mbegu, alipanda mahindi ya kula aliyokuwa nayo ghalani. Yalitoka membamba, na kila nikipita barabara ya Soy niliyaona. Majuto ni mjukuu, na huyo mjukuu ninaishi naye mpaka leo.

Sasa sikia, mwanangu. Kuweka programu si kazi, hata mtoto anaweka. Kazi ni kutoa. Kabla hujatoa, jua umesimama folda gani. Orodhesha kilichomo, ukisome chote. Weka nakala mahali pengine, uifungue uhakikishe inafunguka. Kama mashine ni ya wengi, uliza wenzako, kuuliza si ujinga. Na mashine ikikuuliza, toa mkono kwenye kibodi usome swali. Hiyo y yako ya haraka, iache.

Mungu akubariki, akupe kazi nyingi na macho ya kutazama ndani. Na jina lako, popote lilipoandikwa, lisiangukie mikono ya kijana kama nilivyokuwa mimi.