Niliona Kutu Kwenye Vyuma, Nikanyamaza

Ametuandikia mama wa upande wa Makueni. Jina lake tunalo sisi, mengine ni maneno yake.

Hamjambo wasomaji. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, nina watoto watatu, na tuna hoteli ndogo hapa Sultan Hamud na mume wangu. Nawaandikia nikiwa na hasira, kwa hivyo wanaopenda kuhubiri wangoje nimalize kwanza.

Watu hutujia kwa nyama ya kuchoma. Mume wangu alinunua jiko la gesi kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na tangu hapo vyuma vya kuchomea vikawa kazi yangu. Navisugua kwa brashi ya waya vikiwa bado moto, nafuta kwa kitambaa, napaka mafuta ya mbuzi kidogo. Maji sivigusishi, tena haya ya kisima chetu! Yana chumvi, hata sufuria yanaila. Kwa miaka sita havikushika kutu.

Halafu akaja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Nimwite Kalondu, si jina lake. Alikuwa amemkimbia mume anayempiga huko Kabati. Nilimhurumia siku mbili. Siku ya tatu akaanza kunifundisha jikoni kwangu.

"Mama Mutua, hii mafuta yote ni uchafu. Watu watasema bibi ya ndugu yangu hajui kuosha."

Nikamwambia, "Usiweke maji, dada. Hiyo mafuta ndio inazuia kutu."

Akaenda kwa mume wangu akasema kwetu hatukufundishwa usafi. Mume wangu akacheka. "Wacha aoshe, ni dada yangu mkubwa." Kicheko hicho kiliniuma kuliko matusi.

Wiki hiyo gesi ilikuwa imeisha, tukawa tunauza mchuzi wa kupika kwa kuni tu. Kalondu akapata nafasi. Kila siku aliloweka vyuma vyangu kwa maji ya kisima na sabuni, akaviacha uani vikiwa vimelowa. Mimi nikasusa, sikutaka hata kuvitazama. Gesi ikaja Jumamosi jioni, na Jumapili pasta, mkewe na wazee wa kanisa walikuwa wanakuja kula kwetu baada ya ibada.

Nilitoka kanisani mapema nikaingia jikoni. Vyuma vilikuwa vyekundu, ukigusa kutu inabanduka. Muda nilikuwa nao, na brashi nilikuwa nayo mkononi. Robo saa ya moto na kusugua ingetosha. Nikaitundika brashi ukutani nikamwambia Kalondu, "Dada, leo choma wewe, unajua kuliko mimi." Akafurahi sana, akafunga leso kiunoni.

Mke wa pasta alitafuna mara mbili akatema kwenye kitambaa. Kipande cha kutu kilikuwa kimemkwaruza ufizi, na damu ilionekana. Pasta akasukuma sahani akaomba chai. Mume wangu akamgeukia dada yake mbele ya wageni wote, naye akabaki ameshika koleo. Mimi nikasema polepole kutoka mlangoni, "Nilimwambia asiweke maji." Nilifurahi, sitawadanganya.

Kesho yake mume wangu akamrudisha Kabati kwa yule mwanamume. Alilia akifunga nguo zake. Mimi nilikuwa nasugua vyuma na sikutoka kumuaga.

Sasa Kalondu ameniandikia barua mimi, si ndugu yake. Mumewe amemvunja mkono wa kushoto. Anaomba radhi kwa kuniharibia vyuma, na anataka nimwombee arudi, atafanya kazi yoyote nitakayompa. Nilipomsomea mume wangu alisema, "Huyo aliniaibisha makusudi. Hapa harudi." Wa kumtoa huko ni mimi, nikikubali kwamba aliyefanya makusudi ni mimi. Namjua mume wangu. Siku nikisema, nitarudishwa kwa mama yangu Matiliku, na watoto watabaki.

Tena simpendi. Nikikumbuka alivyoniita mchafu, moyo unachemka hata leo. Msiniambie nimsamehe, sijawauliza hilo. Nimewauliza moja tu: niseme, au ninyamaze? Mnijibu haraka, kwa sababu amebaki na mkono mmoja.